Maneno Matano ya Jouko Ensio Hietaranta, 1959–2023

Ndugu, majirani na marafiki mliofika leo Jumamosi, tarehe 21 Oktoba 2023, katika kanisa la Kuusivirta: wasifu huu umeandikwa na dada wa marehemu, Sinikka, na ndiye anayeusoma. Ameuandika mara mbili. Wa kwanza ulikuwa nusu ukurasa, safi, kila kitu mahali pake. Kisha akafungua kabati la jikoni la kaka yake, na tangu hapo hajaweza kuandika kwa utulivu. Mtamvumilia.

Jouko Ensio Hietaranta alizaliwa tarehe 14 Machi 1959 katika nyumba ya reli namba saba, kilomita mbili kutoka stesheni ya Kuusivirta, mkoani Savo. Alikuwa mtoto wa kwanza wa Eino Hietaranta, fundi wa njia ya reli, na mkewe Aune, aliyefuga ng'ombe wawili na kuwaita kwa majina ya shangazi zake. Sinikka alifuata miaka minne baadaye. Treni ya asubuhi ilipopita, vikombe vilitikisika kabatini. Mama yao alikuwa akisimulia kwamba watoto wa watu hulia treni ikipita, lakini huyu wake alilia treni ilipochelewa.

Alianza shule ya msingi ya kijiji mwaka 1966 na kumaliza masomo ya sekondari mwaka 1975. Ukweli usemwe: hesabu hakuziweza, kuimba ndiyo kabisa, na kwenye kuteleza juu ya theluji alimaliza wa mwisho kila mwaka bila kuonekana kusikitika. Kipaji chake kilikuwa kumbukumbu. Alikariri ratiba nzima ya treni za Savo, za siku za kazi na za Jumapili, na alipofika stesheni mkuu wa stesheni alimjaribu mbele ya abiria.

"Haya, ya kwenda Kuopio, Jumapili mchana?"

"Saa tisa na dakika kumi na saba, mzee. Lakini usikimbie, hiyo huchelewa dakika nne."

Na kweli ilichelewa. Mji mzima ulijua kwamba Jouko Hietaranta hasahau. Mtaona baadaye kwa nini dada yake anatamani mji usingelijua hilo.

Alitumikia jeshi mwaka 1978, na tarehe 2 Aprili 1979 aliajiriwa stesheni kupanga na kuunganisha mabehewa. Aliipenda kazi ile. Alifanya kazi hadi asubuhi ya tarehe 19 Novemba 1984, aliposimama katikati ya reli na taa nyekundu mkononi, akasimamisha treni ya mizigo yenye mabehewa thelathini na moja. Alimwambia dereva kwamba daraja la mtoni limeondolewa, ameambiwa hivyo. Dereva alishuka, akaenda kutazama daraja. Lilikuwepo. Aliporudi alimkuta Jouko analia, akampa kahawa kutoka kwenye chupa yake, wakakaa pamoja hadi watu walipokuja.

Alikuwa na umri wa miaka ishirini na mitano. Madaktari walisema ni skizofrenia, ugonjwa wa akili wa kusikia sauti ambazo wengine hawazisikii. Alilazwa miezi kumi na mitatu, akatoka, akarudi, akatoka tena, hivyo hivyo hadi mwaka 1996 ilipopatikana dawa iliyomtuliza. Sauti hazikuisha, ila zilipungua hadi zikawa, kwa maneno yake mwenyewe, "kama redio ya jirani." Mwaka 1998 alihamia Nyumba ya Petäjä, ambako kila mkazi ana chumba na jiko lake dogo, na wafanyakazi huja mchana. Huko alijifunza kusuka vikapu vya uyoga kwa vipande vyembamba vya msonobari. Wengi mliopo hapa mna kikapu chake nyumbani, na kama mshikio umekaa katikati, basi mlikipata kabla ya mwaka 2021.

Marehemu hakufunga ndoa. Lakini kwa miaka kumi na tisa aliishi ukuta mmoja na Bi Hellevi Saarikko, aliyeketi leo mstari wa mbele, na kila asubuhi saa moja aligonga ukuta mara mbili, naye Hellevi akajibu mara mbili. Maana yake ilikuwa: nimeamka, kahawa iko tayari. Dada yake alimuuliza siku moja kwa nini wasioane tu. "Tukioana tutabaki na jiko moja," alijibu, "na huyu mama hupika kahawa kama maji ya kuoshea sakafu." Hellevi aliyasikia hayo kupitia ukuta, akagonga mara tatu. Hakuna aliyewahi kueleza mara tatu ilikuwa na maana gani.

Sasa inabidi kueleza kuhusu karatasi.

Watu wenye ugonjwa wa akili wa muda mrefu wanaweza kupata ugonjwa mwingine juu ya ule wa kwanza, wa kupoteza kumbukumbu na uwezo wa kufikiri, na mara nyingi unawajia mapema kuliko watu wengine. Kwa sababu hiyo kliniki ilianza mwaka 2015 kuwapima wakazi wa Petäjä kila mwezi wa Aprili. Nesi Outi Rautiola aliwaita mmoja mmoja. Aliwasomea maneno matano ya kukumbuka, akawataka wachore saa, wataje mnyama kwenye picha, wahesabu kurudi nyuma. Alama zilikuwa thelathini. Wakazi waliita kipimo hicho "karatasi" tu, na mtu alisema "kesho nina karatasi" kwa sauti ile ile ya kusema kesho nang'olewa jino.

Jouko alipata ishirini na nane. Mwaka uliofuata ishirini na nane. Akafika ishirini na tisa. Aprili mwaka huu, ishirini na nane. Nesi alimpigia dada yake simu na kusema, "Kaka yako anawashinda hata wafanyakazi." Sinikka alifurahi, lakini hakushangaa. Huyu si ndiye wa ratiba ya treni?

Kila mwaka kliniki ilimtumia pia dada yake fomu kwa posta. Swali la mwisho lilikuwa: je, umeona mabadiliko yoyote kwa ndugu yako? Kila mwaka Sinikka aliandika: Hakuna, yuko vilevile. Mnajua tulivyo huku kwetu. Mtu haandiki kasoro za kaka yake kwenye karatasi ya serikali. Na jambo likionekana, tuna jina lake tayari: ni ule ugonjwa wake wa zamani.

Mambo yalionekana. Sinikka alikuwa mpishi wa shule kwa miaka thelathini na mmoja, na kila Alhamisi, kama ilivyo desturi ya nchi nzima, alipika supu ya njegere na chapati za maji zenye jamu. Alipostaafu aliendelea kupika nyumbani, na Jouko alikuja kila Alhamisi saa sita kamili, akiwa na kitu mkononi: uyoga, matunda ya mwituni, au kikapu. Kuanzia majira ya baridi ya mwaka 2021 alianza kuja Jumatano. Mara moja kwanza, kisha mara mbili kwa mwezi, kisha karibu kila wiki. Alileta kikapu chenye mishikio miwili, yote upande mmoja. Aliweka birika tupu jikoni hadi likaungua. Dada yake alimwita mvivu, mzembe, mwenye kichwa cha mbao. Alimwita hivyo kwa utani, ila kila mtu hapa anajua utani wa Sinikka una mfupa ndani.

Jumatano tarehe 27 Septemba mwaka huu, saa sita kamili, Jouko aligonga mlango. Mikononi hakuwa na kitu. Sinikka alifungua, na haya ndiyo aliyosema, neno kwa neno, kwa sababu hana tena cha kuficha:

"Kaka, leo ni nini?"

"Alhamisi."

"Jumatano. Umeshindwa hata kutazama kalenda? Supu ni kesho. Nenda kwako, urudi kesho, na usinijie mikono mitupu."

"Haya," Jouko alisema. "Nitaleta uyoga." Akasimama kidogo pale mlangoni, akainusa ile harufu, kisha akaondoka. Harufu haikuwa ya supu. Dada yake alikuwa anachemsha viazi, na viazi vile vingetosha watu wawili.

Alhamisi tarehe 28 Septemba, Jouko aligonga ukuta mara mbili saa moja asubuhi, akanywa kahawa na Hellevi, akachukua kikapu na kisu, akaingia msitu wa Likolampi ambao ameuingia tangu akiwa na miaka mitano. Saa sita hakufika kwa dada yake. Sinikka aliamini kwamba amekasirika. Alikula peke yake, naye akakasirika pia. Jioni Hellevi aligonga ukuta na hakujibiwa, na hapo ndipo watafutaji walipoitwa. Walitafuta Ijumaa nzima. Jumamosi asubuhi mbwa wa watafutaji alimkuta chini ya msonobari, kilomita moja na nusu kutoka Petäjä, mahali ambapo treni inasikika wazi kabisa. Baridi ndiyo iliyomuua. Daktari anaamini alifariki usiku wa kuamkia Ijumaa, tarehe 29 Septemba 2023, akiwa na umri wa miaka sitini na minne. Kikapu kilikuwa kimejaa, na uyoga wote ulikuwa umesafishwa kwa kisu, kama dada yake anavyoupenda.

Askari alimletea Sinikka vitu vya mfukoni. Vilikuwa kisu, ufunguo, na jani la kalenda ya ukutani, ile ya kuchana jani moja kila siku, lililokunjwa mara nne. Nyuma ya jani kulikuwa na maneno matano kwa mwandiko wa Jouko.

"Mama, hii ni orodha ya dukani?" askari aliuliza kwa upole.

Sinikka alisoma: kengele, siagi, mbweha, daraja, buluu.

"Mwanangu," alimwambia, "umeona duka gani linauza mbweha?"

Wote wawili hawakuelewa. Askari aliandika kwenye daftari lake kwamba marehemu alikuwa mgonjwa wa akili. Jambo likaonekana limeishia hapo.

Juma lililofuata dada yake alikwenda kusafisha chumba. Nyuma ya kopo la kahawa, kwenye kabati la jikoni, alikuta mfuko wa mkate umejaa majani ya kalenda. Yalikuwa mia tatu na zaidi. Kila moja lilikuwa na maneno yale yale matano, na chini ya maneno, saa iliyochorwa kwa mkono. Alikaa sakafuni akayatazama moja moja, bila kujua ni ya nini.

Jumanne tarehe 10 Oktoba aliubeba mfuko ule hadi chumba cha kulia cha Petäjä, saa ya kahawa ya mchana. Alikuwepo nesi Outi, aliyekuja kuwapa pole wakazi. Alikuwepo Hellevi, na Pentti wa chumba cha mwisho, ambaye alikuwa anakula andazi la mdalasini, na wakazi wengine wawili.

"Naomba mnisaidie," Sinikka alisema. "Kaka yangu alikuwa na haya mfukoni. Askari anafikiri ni mambo ya kuugua tu. Kengele, siagi..."

"Mbweha, daraja, buluu," Pentti alimalizia, bila kuinua macho kutoka kwenye andazi.

"Na mnyama ni nyangumi," mwingine akaongeza. "Kila mwaka nyangumi."

Nesi Outi aliweka kikombe chini. "Nani kawaambia hayo?"

"Jouko," alisema Pentti. "Tulikuwa na darasa, Jumapili, ibada ya redioni ikiisha. Alikuwa mwalimu mkali, usicheze naye. Ukikosea unaanza upya."

"Na wewe nesi ukatusifu," Hellevi alisema. "Ukasema Petäjä tuna vichwa vizuri."

Nesi alivuta kiti akaketi. Alieleza polepole kwamba karatasi za aina nyingine zipo, tatu, kwenye droo ya chini, na kwamba tangu mwanzo alitumia ile moja. "Nilitaka mwaka huu ulingane na mwaka jana. Maneno yale yale kwa kila mtu, kila mwaka. Nilidhani hiyo ndiyo haki." Hapa kwetu tunasifiana sana kwa kufanya jambo vilevile kila mara. Tulimsifu Outi kwa hilo, na barua ya pongezi ya mwaka 2019 bado imebandikwa kwenye ubao wa kliniki.

Kisha aliomba majani ya kalenda. Alisogeza vikombe, akayapanga mezani kwa tarehe, mstari baada ya mstari, na watu wote wakasimama kutazama. Saa za mwaka 2020 zilikuwa nzuri, zenye namba kumi na mbili mahali pake. Alipofika Desemba 2021 kidole chake kilisimama. Namba zilianza kusogea upande wa kulia. Mwaka 2022 zilikuwa zimesongamana upande mmoja, na nusu ya saa ilikuwa tupu. Agosti mwaka huu kulikuwa na duara tu, na nje ya duara, kwa mwandiko wa kutetemeka: saa. Maneno matano hayakubadilika hata siku moja. Ndiyo aliyokuwa ameyashikilia.

"Lakini kwangu alichora saa vizuri," nesi alisema. "Aprili. Nimeiona kwa macho yangu."

"Na saa ya ukutani iko wapi mle chumbani kwako?" Hellevi aliuliza.

Nesi alifikiri. "Nyuma ya kiti changu." Akajifunika mdomo kwa mkono. "Miaka minane naipa mgongo."

Sinikka aliuliza kwa nini. Aliuliza kwa hasira, kana kwamba Jouko yupo pale na anaweza kujibu. Alitaka kujua ni mtu gani huficha ugonjwa wake kwa kufanya mazoezi miaka yote hiyo.

"Mwaka 2016 Martti, aliyekuwa mkazi mwenzetu hapa, alifeli karatasi," Hellevi alisema. "Mwezi uleule wakamhamisha, kilomita themanini. Jouko akaniambia, mimi sihami, Hellevi, hapa naisikia treni. Na ukuta wako nani ataugonga?" Akamtazama Sinikka moja kwa moja, jinsi anavyotazama watu yeye, bila kupepesa. "Nilijua anapotea, nikanyamaza kwa sababu nilitaka abaki. Lakini hata wewe ulijua."

"Nilijua nini mimi?"

"Jumatano."

Sinikka alianza kuyarudisha majani ya kalenda kwenye mfuko wa mkate, moja moja.

Nesi Outi ndiye aliyesema la mwisho siku ile, na dada wa marehemu ameomba ruhusa yake kulisoma hapa, naye akakubali, na yumo humu kanisani. Alisema kwamba Martti hakuhamishwa kwa sababu ya karatasi. Binti yake aliomba awe karibu naye. Hakuna mkazi aliyewahi kuhamishwa kwa sababu ya karatasi. Kama Jouko angepata alama kumi, angepewa daktari wa kumbukumbu, bangili yenye anwani yake, dawa zake zingeangaliwa upya, na mtu wa kwenda naye msituni. Angebaki chumbani mwake, ukuta ule ule. Alificha miaka miwili kitu ambacho hakuna aliyetaka kumwadhibu kwacho, na hakuna kati yetu aliyewahi kumwambia hivyo, kwa sababu hakuna aliyemuuliza anaogopa nini.

Tangu siku ile wakazi wote wa Petäjä wamepimwa upya kwa karatasi nyingine, katika chumba kisicho na saa. Wawili wamepelekwa kwa daktari wa kumbukumbu. Mmoja ni Pentti, ambaye ameomba atajwe, kwa sababu anasema bila mwalimu hakufaulu. Nesi sasa hukaa na kila ndugu ana kwa ana na kumuuliza mtu huyu anaishije, siku kwa siku, anakuja lini na analeta nini. Sinikka alikuwa wa kwanza kuombwa aonyeshe ile fomu ya ndugu inapaswa kujazwaje. Aliandika: Anakuja Jumatano. Aliandika mambo yote, kurasa mbili.

Marehemu ameacha dada mmoja, Sinikka. Mpwa wake Petri na watoto wawili wa Petri. Bi Hellevi Saarikko, ambaye bado hugonga ukuta kila asubuhi saa moja. Wakazi wanne wa Petäjä aliowafundisha. Na vikapu visivyojulikana idadi katika nyumba za mji huu. Vyenye mshikio upande mmoja msivitupe. Dada yake atavinunua kwa bei yoyote mtakayotaja.

Baada ya maziko mnakaribishwa nyote katika ukumbi wa kanisa. Mtakuta supu ya njegere na chapati za maji. Baadhi yenu mtasema, lakini leo ni Jumamosi. Ndiyo, ni Jumamosi.

Pumzika, kaka. Mlango uko wazi, na siku ni yoyote utakayofika.